Masika yetu na modeli za dunia

Kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, mvua za masika zilipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Modeli nyingi za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa ya dunia, zinasema kinyume: kadiri dunia inavyopata joto, masika yataongezeka. Mhandisi anayesanifu bwawa leo afuate lipi?

Wapo wanaotaka modeli zitupwe. Siwaungi mkono. Tangu wanasayansi Syukuro Manabe na Kirk Bryan walipounganisha bahari na angahewa ndani ya kompyuta mwaka 1969, tumepata chombo kinachoweza kuonyesha jinsi upepo unavyosukuma maji ya bahari, na maji hayo yakibadilika joto, yanavyougeuza upepo. Bila muungano huo hakuna El Niño, yaani joto la ziada la Pasifiki linalovuruga mvua, kwenye kompyuta. Mafuriko ya vuli ya 2019 yalitokana na mwingiliano kama huo: magharibi mwa Bahari ya Hindi palipata joto kuliko kawaida, mashariki pakapoa.

Lakini ubora huo ndio pia udhaifu. Kosa la upepo likiingia baharini hubadili joto la maji, nalo joto hilo huliongeza kosa la upepo. Ndiyo maana modeli nyingi zilizounganishwa huleta vuli kubwa mno na masika haba. Zikipewa joto halisi la bahari lililopimwa, kosa hupungua. Halafu kuna suala la ukubwa wa miraba ambayo modeli huigawa dunia: kwenye mraba wa kilomita 100 hivi, Kilimanjaro hubaki kilima cha kawaida.

Hata hivyo, kipimamvua nacho si hakimu wa mwisho. Miongo mitatu ni michache, na Bahari ya Pasifiki hubadilika yenyewe kwa miongo, hivyo upungufu huo wa masika huenda ulikuwa wa muda tu. Masika ya 2018, 2020 na 2024 yalikuwa makubwa, ilhali ya 2021 na 2022 yalikauka vibaya pembe ya Afrika.

Kwa hiyo naziamini modeli kuhusu joto, na kwa kiasi kikubwa kuhusu vuli. Kuhusu masika, wastani wa modeli zote usiandikwe kwenye mpango wa taifa kama namba moja. Bwawa lisanifiwe kuhimili ukame na mafuriko pia. Na kosa litafutwe baharini. Maboya ya kupima Bahari ya Hindi yalichelewa kufika upande wetu kwa sababu ya maharamia wa Somalia. Serikali za pwani hii zina kila sababu ya kuyachangia.