Upweke wa bibi zetu hautibiwi ukumbini

Kikao cha wiki iliyopita kuhusu wazee wa hapa Lamu kimeniacha na hasira ambayo haijapoa. Mradi wa kupunguza upweke unaletwa, bajeti imeshapangwa: ukumbi, chakula cha mchana, posho, fulana, mafuta ya boti. Fungu la kumtembelea mzee nyumbani kwake ni dogo kuliko la fulana. Kisha tukaambiwa pesa zitatumika vizuri kwa sababu watafikiwa watu wengi kwa gharama ndogo.

Watafikiwa wapi? Mzee wa kiume wa mitaa ya Mkomani au Langoni ana baraza lake, kahawa yake, wenzake wa bao na dhumna. Asipoonekana alasiri, kuna atakayemuulizia. Upweke mkali wa mji huu uko ghorofani, kwa wanawake. Mjane magoti hayamruhusu kushuka ngazi za nyumba ya mawe, watoto wako Mombasa na Uarabuni, na nyumba ya jirani imeuzwa kwa mgeni anayekuja Desemba. Huyo haji ukumbini. Basi wanaohesabiwa ni wale wenye miguu ya kuja na mtu wa kuja naye. Gharama ya kila kichwa inaonekana ndogo, na aliyekusudiwa hajaguswa.

Bibi mmoja wa Langoni aliniambia: "Mwanangu, hao huja mara moja na kamera. Mimi nataka mtu ambaye kesho nitamuuliza, yule mwanao amepona homa?" Anataka kuulizwa hali, na anataka awe na wa kumuuliza hali. Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, ya shilingi 2,000 kwa mwezi inasaidia unga, lakini upweke huu haiugusi.

Hesabu zipigwe, nakubali. Kaunti ina mahitaji mengi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na kwamba unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Lakini aulizwe bibi yule yule mwanzoni na baada ya mwaka, alinganishwe na ambao hawajafikiwa bado, kisha gharama igawanywe kwa waliopata nafuu. Orodha ya mahudhurio haisemi lolote.

Huko Harare, Zimbabwe, wanawake wa mtaani walifunzwa kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi za zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta, baada ya miezi 6, dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa asilimia 14 hivi ya waliosikilizwa, na karibu asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Sonona si upweke, lakini tumeona kwamba kazi ya kusikiliza haimsubiri daktari bingwa.

Pesa za fulana na posho walipwe wanawake wa mitaa yetu: mtu yule yule, nyumba ile ile, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Bajeti itakaporudi mezani nitalipeleka pendekezo hili kwa maandishi, na jibu nalitaka kwa maandishi pia.