Krosibo Katika Msimu wa Upinde: Ugomvi wa Silaha au wa Siku?

Jirani yangu hapa Ohio ni mzee mstaafu, umri wa sitini na kitu, bega la kulia limeshapasuliwa mara mbili. Kwenye ukuta wa gereji yake umetundikwa upinde ambao hajauvuta kwa miaka. Mezani amelaza chombo kingine: kina kitako kama cha bunduki, kina triga na darubini, na mbele yake upinde mfupi mnene uliolala kifudifudi. Hiyo ndiyo krosibo. Septemba moja alinionyesha inavyotegwa. Alichomeka mguu kwenye kikuku cha mbele, akanasa ugwe kwa kamba yenye kulabu mbili, akainuka taratibu kwa mgongo na mikono yote miwili mpaka ugwe ukaingia kwenye kishikio chake: tak! Kisha akaninyooshea kidole gumba cha kushoto. Ncha imepinda. Alikisahau juu ya reli ugwe ulipofyatuka, akasema, na siku ile aliyeumia alikuwa yeye peke yake. Kulungu alikwenda zake.

Chombo hicho kimewagombanisha wawindaji wa Marekani kwa miongo kadhaa. Swali lenyewe linasikika dogo: mwenye krosibo aruhusiwe kuingia porini katika msimu wa upinde, au asubiri msimu wa bunduki pamoja na wenye bunduki wenzake? Watu wamekatana maneno kwa ajili yake, mabunge ya majimbo yamepiga kura, na ndugu wa damu wamekataa kupanda dungu moja.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Kulungu ninayemsema si yule wa misitu ya kwetu. Huyu mkia wake ukiinuka chini yake ni mweupe kama leso, na dume huangusha pembe zake kila mwaka akaotesha nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wameuawa hadi wakabaki labda nusu milioni nchi nzima. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30. Wanakula bustani za watu, na kila mwaka magari zaidi ya milioni moja yanawagonga. Ukiendesha usiku Novemba katika barabara za vijijini huku, unajifunza haraka kutazama macho yanayong'aa kando ya lami.

Uwindaji wao unapangwa na kila jimbo kwa sheria zake, na kwa kawaida msimu hukatwa vipande: upinde, bunduki, na mara nyingi siku chache za gobole. Mgawo wa siku haulingani hata kidogo. Chukua Wisconsin. Msimu mkuu wa bunduki ni siku tisa tu, mwishoni mwa Novemba. Msimu wa upinde unaanza katikati ya Septemba na kufika Januari. Sababu ni rahisi: upinde ni mgumu. Jimbo hilo lilipowapa wapinde, yaani wawindaji wa upinde, msimu wao wa kwanza, mwaka 1934, katika wilaya mbili tu, hakuna aliyeogopa kwamba wangemaliza wanyama. Mtu angekaa wiki nzima juu ya mti, avute, atetemeke, akose, arudi nyumbani na hadithi. Ndiyo maana alipewa muda mrefu, ukiwemo mwanzo wa Novemba ambapo madume wanakimbizana na majike, wamesahau woga wao wote, wanapita mchana kweupe. Wiki hizo mbili tatu kila mwindaji anazitaka.

Kwa hiyo wanaopinga wanasema: muda huu mrefu ulikuwa malipo ya ugumu. Ukiondoa ugumu, umeondoa sababu ya malipo. Na mwenye upinde halisi hupoteza wanyama wengi kwa kitendo kimoja tu, kuvuta. Lazima avute wakati kulungu yuko karibu, ameinamisha kichwa au amejificha nyuma ya shina, bila mkono kuonekana ukisogea. Akivuta mapema anachoka. Akichelewa nafasi imepita. Mwenye krosibo ameshategua kitendawili hicho akiwa chini ya mti, kabla hajapanda. Uzito wote unashikwa na chuma, yeye anabaki na kulenga. Mtu ambaye hajawahi kugusa upinde maishani anaweza kununua krosibo Ijumaa, kufyatua mishale kumi nyuma ya nyumba, na Jumamosi akawa na uwezo ambao mpinde aliutafuta kwa miaka.

Hoja hiyo nzito, na sijasikia mtetezi wa krosibo aliyeijibu sawasawa. Wengi huikwepa kwa kuzungumzia kasi na umbali, na kwa bahati yao hapo wana haki zaidi.

Maana wapinzani nao hutia chumvi. Wanaisema krosibo kama bunduki isiyo na mlio. Sivyo. Krosibo huvutwa kwa uzito wa ratili 150 hadi 200 na zaidi, upinde wa kisasa ratili 60 au 70, na mtu anayesikia hivyo anadhani basi ina nguvu mara tatu. Lakini nguvu ya mshale haitokani na uzito wa mvuto peke yake. Urefu wa mvuto nao unahesabika, na krosibo ina mvuto mfupi. Matokeo yake, krosibo ya kawaida inarusha mshale mita kama 120 kwa sekunde, upinde wa kisasa mita kama 90. Risasi ya bunduki ya kulungu inapita mita 800. Unaona mwenyewe nani ni jirani wa nani.

Na kuna jambo ambalo darubini haiwezi kulitibu. Kulungu akisikia ugwe ukilia hukunja miguu ili aruke, na mgongo wake unashuka kabla haujapanda. Kwa umbali wa mita 36, mshale wa krosibo unachukua sehemu tatu za kumi za sekunde kufika. Sauti inamfikia kwa sehemu moja ya kumi. Muda unaobaki, chini ya kufumba na kufumbua, unamtosha kushuka kiasi cha mshale kupita juu ya mapafu, au vibaya zaidi, kumchoma mahali pasipomuua leo. Kwa hiyo mwenye krosibo mwenye akili anasubiri mnyama asogee karibu, vilevile kama mwenye upinde. Asiye na akili anafyatua kutoka mita 70 kwa sababu darubini ina mstari wa mita 70. Hao wapo, na wapinzani hawakosei kuwaogopa.

Ile hoja ya "huu si upinde" ndiyo inayonichosha. Tazama ule upinde uliotundikwa gerejini kwa jirani. Una roda mbili kwenye ncha, nyaya zinazopishana, vitone vya kulengea vinavyong'aa, na ukishauvuta hadi mwisho roda zinabeba zaidi ya robo tatu ya uzito, hivi kwamba unaweza kukaa umevuta huku ukimsubiri mnyama ageuke. Upinde huo ulivumbuliwa na mtu wa Missouri, Holless Wilbur Allen, akapewa hataza mwaka 1969. Ulipotokea, wenye pinde za mti walipiga kelele zilezile: si upinde huu, ni mashine, utawajaza porini watu wasiojua kitu. Leo umekuwa ndio "upinde wa kawaida", na wenye nao ndio wanaolinda mlango.

Klabu ya Pope and Young, iliyoanzishwa mwaka 1961 na inayotunza rekodi za wanyama wakubwa waliouawa kwa upinde, inazikubali pinde za roda na kuikataa krosibo. Ni haki yao. Klabu ni ya wanachama. Ila jina lenyewe lina historia inayochekesha kidogo ukiifuatilia. Saxton Pope alikuwa daktari California. Upinde alifundishwa na Ishi, mtu aliyejulikana kuwa wa mwisho wa kabila la Wayahi, wenyeji wa asili wa huko, ambaye alijitokeza karibu na mji wa Oroville mwaka 1911 baada ya watu wake kuuawa, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Miaka michache baadaye, mwaka 1925, Pope na rafiki yake Arthur Young wakasafiri hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, bunduki zikiwa karibu endapo mambo yangeharibika. Nchi ileile ambayo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walikuwa, na bado wako, wakivuta pinde ndefu na kupaka mishale sumu ya mimea. Mhadzabe haulizwi kama sumu inampa mnyama nafasi ya haki. Anatafuta nyama. Swali la nafasi ya haki huulizwa na mtu mwenye friji, na sisemi hivyo kwa dharau, mimi mwenyewe ninayo. Nasema tu kwamba mpaka kati ya upinde na kisicho upinde umechorwa na watu, na umeshasogezwa zaidi ya mara moja.

Hata Kanisa liliwahi kujaribu. Mtaguso wa pili wa Laterano, mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa wa mwaka 1139, ulikataza krosibo isitumike dhidi ya Wakristo. Wapinzani wa krosibo hupenda kuukumbusha. Wanachosahau ni kwamba katazo lile liliwataja wapiga krosibo na wapiga upinde kwa pamoja.

Sasa tuone yaliyotokea pale mlango ulipofunguliwa. Arkansas na Ohio zimeishi na krosibo tangu miaka ya 1970, na kulungu hawajaisha. Huku Ohio wawindaji wa krosibo wamewapita wa upinde kwa idadi ya wanyama. Pennsylvania ilifungua mwaka 2009. Wisconsin, iliyokuwa imewaruhusu wazee wa miaka 65 na kuendelea na walemavu pekee, ilifungua kwa wote mwaka 2014, lakini kwa ujanja mmoja: krosibo ilipewa leseni yake na msimu wake, ingawa tarehe karibu zote ni zilezile. Kabla ya miaka kumi kuisha, kulungu wa krosibo walikuwa wengi kuliko wa upinde. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikuwa ya watu wapya. Walikuwa ni walewale, wameweka upinde chini wakachukua krosibo. Watetezi waliahidi kizazi kipya cha wawindaji. Walichopata zaidi ni kizazi kilekile kikiendelea miaka kumi zaidi.

Je, hilo ni dogo? Kwa mamlaka za wanyamapori si dogo. Mwaka 2011 wawindaji Marekani walikuwa milioni 13.7, mwaka 2016 wakahesabiwa milioni 11.5. Na hao ndio wanaolipia uhifadhi. Kwa sheria ya mwaka 1937, iliyopanuliwa mwaka 1972 ikagusa vifaa vya upinde, kila upinde na krosibo inayouzwa inatozwa kodi ya asilimia 11 inayorudi kwa majimbo kulinda wanyama na makazi yao. Mzee akitundika upinde asinunue kingine, jimbo linapoteza leseni, kodi, na mtu mmoja wa kupunguza kulungu katika viunga vya miji ambako bunduki haiwezi kupigwa.

Majimbo mengine yalitafuta njia ya katikati: umri. Minnesota, mpaka ilipofungua kwa wote mwaka 2023, ilikuwa inawaruhusu wenye miaka 60 na zaidi. Sheria ya namna hiyo inaonekana ya huruma, lakini mwanamke wa miaka 30 mwenye mwili mdogo, asiyeweza kuvuta ratili zinazotosha kuua kwa haraka, anaachwa nje, huku mzee mwenye misuli ya seremala akiingia. Jirani yangu alikuwa akiishi Pennsylvania kabla ya 2009, na anakiri kwamba alihudhuria mkutano mmoja kupinga krosibo kwa nguvu zote. Nilimuuliza kilichobadilika. Akatazama bega lake.

Upande wangu ni huu. Pale ambapo kulungu wamezidi, kama hapa Ohio na viunga vingi vya mashariki, kuifungia krosibo nje ya msimu wa upinde ni kulinda heshima ya watu kwa gharama ya bustani na madereva. Iingie. Pale ambapo madume ni wachache na ardhi ya umma imejaa watu, mambo ni tofauti: kila dume anayeuawa Oktoba kwa silaha rahisi hayupo tena Novemba, na aliyejifunza upinde kwa miaka ana haki ya kulalamika kwamba mgawo wake umeliwa. Oregon imeikataza krosibo kwa uwindaji wowote. Naona imezidisha, ingewapa angalau siku za bunduki. Lakini siwezi kusema Oregon ifuate kalenda ya Ohio.

Na kokote itakakoruhusiwa, ningeiga Wisconsin kwa jambo moja: leseni ya peke yake. Si kwa kuwaadhibu wenye krosibo, bali ili kila Januari ijulikane ni wanyama wangapi wameuawa kwa chombo gani, na wiki ipi. Hesabu ikionyesha kwamba krosibo inamaliza madume wiki ya kwanza ya Novemba, zikatwe siku hizo. Isipoonyesha, wapinde waache kulia. Jirani yangu hapendi wazo hili. Anasema ni kulipia leseni mbili. Nimemwambia anikatie paja moja msimu huu, na mimi nitamchangia.