Sola Ikifika Nyumbani, Ianze Kuondoa Joto la Bati

Vifurushi vya sola vinavyouzwa vijijini kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu vinafanana karibu vyote: taa tatu au nne, waya wa kuchajia simu, redio, na kwa mwenye uwezo zaidi, televisheni. Feni ikiwemo ni ya mezani. Muuzaji atakuuliza jina, namba ya kitambulisho, na kama utalipa kwa siku au kwa wiki. Hatakuuliza paa lako ni la nini, wala kama saa nane mchana chumbani kwako kunakalika. Kwa maoni yangu hilo lilipaswa kuwa swali la kwanza, kwa kuwa sola hiyohiyo inaweza kuendesha feni ya kutoa hewa ya moto chini ya paa, hasa kwetu sisi wa mwambao, kuanzia Lindi na Kilwa, delta ya Rufiji na visiwa vya Mafia, hadi Kwale na Kilifi.

Tulihama kutoka makuti kwenda bati kwa sababu za kweli. Makuti yanaoza, yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na cheche moja ya jikoni inaweza kuondoka na mtaa mzima. Bati linadumu, tena linakupa maji ya mvua. Lakini makuti yalikuwa yanapumua, bati halipumui. Likipigwa na jua la Februari, uso wake unapita nyuzi 60 bila taabu, na joto hilo linashuka moja kwa moja juu ya kila kilicho chini yake. Ingia chumba kisicho na dari saa nane mchana. Utasikia bati likilia ta, ta, linapotanuka na kuvuta misumari. Inua mkono juu ya kichwa, utahisi hewa ya huko juu ilivyo ya moto kuliko ya kifuani. Kitanda cha chuma hakishikiki, maji ya ndoo yamekuwa vuguvugu, na mtoto ana harara shingoni na kwenye mikunjo ya mapaja.

Wapo wanaosema mchana watu wako shamba na pwani, nani anakaa ndani? Wanaokaa ni wengi. Mvuvi wa dagaa anarudi alfajiri na usingizi wake ni wa mchana. Mzazi aliye kwenye arobaini yumo chumbani na kichanga chake, na desturi haimruhusu kushinda nje. Wapo wazee, wapo wagonjwa, na fundi cherehani naye kazi yake ni ya chini ya bati hilohilo. Hawa ndio wanaoshinda ndani, na joto lao halionekani kwenye tangazo lolote la sola.

Ninachokipenda kwenye feni ya sola ya kutoa hewa ya darini ni kwamba hitaji lake na jua vinakuja pamoja. Taa unaitaka jua likishazama, kwa hiyo lazima ununue betri, na betri ndiyo inayokula fedha na ndiyo inayokufa mapema. Feni ya paa inahitajika jua linapowaka, na hapo ndipo paneli ina nguvu. Asubuhi inazunguka polepole, saa sita inakwenda kasi, wingu likipita inapungua, na bati nalo linapoa kidogo. Ukiacha pampu ya maji, sijui kifaa kingine cha nyumbani kinacholingana na jua namna hiyo. Paneli ya wati 20 hadi 30 na feni ndogo ya DC (inayotumia umeme kama wa betri) ya volti 12 vinatosha kwa nyumba ya kawaida ya kijijini, bila betri. Jambo moja la kuangalia: paneli inayoitwa ya volti 12 ikiwa juani hutoa volti 18 na kuendelea, kwa hiyo chukua feni iliyotengenezwa kuunganishwa na paneli moja kwa moja, au weka kidhibiti kidogo cha volti katikati. Feni isiyo na brashi ndani ya mota inadumu zaidi, na kwa chumvi ya bahari tafuta yenye mapanga ya plastiki na skrubu zisizoshika kutu.

Hata hivyo, feni peke yake haipozi nyumba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotea. Feni haitengenezi hewa, inaihamisha. Kama hakuna pa kuingilia, itazunguka kwa kelele na hewa haitakwenda popote. Wajenzi wa Marekani wana kanuni ya siku nyingi inayosema kwamba nafasi iliyo kati ya dari na paa, hata isiyo na feni, inahitaji uwazi usiopungua sehemu moja ya 150 ya eneo lake. Tuipigie hesabu kwetu. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Uwazi unaotakiwa ni mita ya mraba 0.32, sawa na dirisha la sentimita 40 kwa 80. Nusu ya uwazi huo uwe chini, kwenye kingo za paa, hewa iingie. Nusu iwe juu, hewa itoke. Ukiweka wavu, na huku kwetu lazima uweke, ongeza ukubwa kwa sababu wavu unaziba sehemu kubwa ya tundu.

Halafu kuna dari. Joto la bati linakufikia kwa njia mbili: hewa iliyochemka na ile miale inayoshuka kutoka kwenye bati lenyewe. Feni inaondoa hewa, miale inabaki. Ndiyo maana naiweka dari mbele ya feni, hata ikiwa ya mikeka ya ukindu iliyotandazwa juu ya fito. Dari inakinga miale, feni inafukuza hewa iliyonaswa kati ya dari na bati. Na mahali pa kuifunga feni, mimi nasema pembetatu ya ukuta wa ubavuni, karibu na kileleni. Mafundi wengi wanapenda kutoboa bati kwa sababu kwenye picha za mtandaoni ndivyo ilivyo. Tundu kwenye bati ni ugomvi na masika kila mwaka, silikoni inapasuka kwa jua na maji yanashukia kitandani. Kwenye pembetatu hakuna kuvuja, na feni unaifikia kwa ngazi fupi.

Jiko nalo liangaliwe. Nyumba nyingi zinapikia mkaa au kuni, pengine kwenye chumba kinachopakana na cha kulala. Kama dari ina mianya na feni inavuta, moshi na hewa ya sumu ya mkaa vitafuata njia iliyo rahisi, na njia hiyo inaweza kupita juu ya kitanda cha mtoto. Matundu ya kuingiza hewa yawekwe upande wa mbali na jiko, na jiko liwe na pa kutolea moshi wake lenyewe. Fundi asiyeuliza jiko liko wapi asipewe kazi.

Suala la mbu ndilo linalonifanya nilipiganie jambo hili kwa nguvu zaidi. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia ule uwazi kati ya ukuta na paa, na wataalamu wametuambia kwa miaka mingi tuuzibe. Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba dari ya wavu peke yake ilipunguza mbu wanaoingia ndani kwa karibu nusu. Ushauri wa kuziba ni mzuri, lakini ukiziba uwazi huo kwenye nyumba ya bati, unafunga mlango pekee joto lililokuwa likitokea. Matokeo yake tunayaona: watu wanakaa barazani hadi usiku wa manane wakiumwa na mbu, na chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda kitupu kwa kuwa chini yake hakulaliki. Uwazi uzibwe kwa wavu, na feni iendelee kuvuta hewa kupitia wavu huo. Afya na nafuu ya joto zinakwenda pamoja, wala hakuna haja ya kumlazimisha mtu achague moja.

Usiku una hesabu yake. Bati ni jembamba, linapoa mara baada ya magharibi. Kuta za tofali ndizo zinazobaki na moto hadi usiku, na kwa wakati huo feni isiyo na betri imeshalala. Hapo unataka feni ndogo ya kumpulizia mtu, ya wati 10 hivi, na betri ya lithiamu ya volti 12 yenye saa-ampea 6 (huandikwa 6Ah) itaiendesha karibu saa saba. Lakini ukuta ambao mchana haukushinda kwenye hewa ya tanuri unaingia usiku na joto dogo zaidi, kwa hiyo kazi ya mchana inaipunguzia betri mzigo.

Kupaka bati rangi nyeupe ni jambo jema na ni rahisi kuliko feni. Anayeweza aanze nalo. Ila anayekinga maji ya kunywa kutoka kwenye paa hilohilo ahakikishe rangi hiyo haina madhara, na ajue vumbi na ukungu vitapunguza weupe baada ya misimu michache.

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuhusu mpango wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Sehemu ya watu hao watafikiwa kwa sola za nyumbani, maana nguzo hazitavuka kila mkono wa Rufiji. Ningependa wanaopanga ruzuku na wanaotengeneza vifurushi wakubali kwamba nyumba ya bati ya pwani haijafikiwa vya kutosha ikiwa na taa nne na redio. Kifurushi cha huku kiwe na paneli ya pili kwa ajili ya feni ya darini, wavu wa kutosha matundu yote, na siku moja ya fundi aliyefundishwa mambo ya hewa. Dhamana ihusu mota ya feni sawa na inavyohusu betri. Na mwenye nyumba aachiwe maelekezo kwa Kiswahili, yakiwemo ya kusafisha wavu kila mwezi, kwa sababu vumbi na vinyesi vya popo vikiuziba, feni nzima itakuwa haina kazi.