Tatuu: mchoro ni wako, wasomaji ni wengi

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yana sharti ambalo vijana wengi hulisoma wakiwa wameshachelewa: mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Jina la mama begani na fuvu la kichwa shingoni vinawekwa kapu moja. Kijana aliyechorwa akiwa kidato cha tatu, akamaliza cha sita na cheti kizuri, anatolewa kwenye usaili siku ya kuvuliwa shati.

Wanaolitetea sharti hili wana hoja, na si hoja dhaifu. Askari huvaa sare ili raia amwone kama mkono wa serikali, si kama fulani bin fulani mwenye mapenzi yake, timu yake na kumbukumbu zake. Mchoro unamrudisha yule fulani juu ya sare. Wanaolipinga nao wanauliza: wino umewahi kumzuia nani kuwa mwaminifu? Askari mla rushwa hachunguzwi mgongo. Wapo watu waliochorwa msalaba au jina la mtoto waliyemzika, na hakuna la aibu hapo.

Naona pande zote mbili zinaruka swali moja. Kila upande unazungumza kana kwamba tatuu ina maana yake tayari, ama ya uhuni ama ya upendo, na kazi iliyobaki ni kuitambua tu. Maana ya alama ya mwilini hutegemea anayeisoma, na aliyechorwa hana uwezo wa kuwachagua wasomaji wake.

Waangalie Wamakonde, wa Newala na wa ng'ambo ya Ruvuma kule Mueda, Msumbiji. Fundi wa nembo, yaani alama zao za mwilini, alichanja ngozi kwa kisu kidogo, akasugua masizi ya mbegu za mbarika kwenye damu, akasubiri kidonda kipone, kisha akarudia mistari ileile mpaka rangi ikolee. Usoni ilikwenda mistari ya pembe pembe, mashavuni na kwenye paji. Wanawake walichanjwa pia tumboni na mapajani. Ukikutana na kinyago cha zamani cha ngoma ya mapiko utaziona nembo hizo zimebandikwa kwa nta nyeusi ya nyuki, mstari kwa mstari, kwa sababu uso usio na nembo haukuwa uso kamili wa Mmakonde. Aliyebeba alama hizo hakuhitaji kumweleza mtu zina maana gani. Kijiji kizima kilijua kusoma: huyu ni wetu, amevumilia maumivu, amekua.

Kuna wanaoitumia historia hii kuhalalisha tatuu za leo. Husema Waafrika tulichora miili kabla ya mashine ya umeme ya kuchorea, ambayo Mmarekani aliisajili mwaka 1891, kwa hiyo anayeiita tatuu uzungu hajui kwao. Ni kweli, na niongeze kwamba wengi wanaoilaani tatuu wana chale za mganga kifuani, walizochanjwa utotoni, na hawajawahi kuziita dhambi. Lakini hoja hiyo inaishia njiani. Nembo ilikuwa na wasomaji waliolelewa kuisoma. Joka la Kichina kwenye mkono wa kijana wa Sinza halina kijiji kinacholisoma. Maana yake anaijua yeye, na kila anayekutana naye anajitungia ya kwake.

Hata hivyo sitaki kuyapamba ya zamani. Kwanza, kijana wa Kimakonde hakuulizwa kama anataka. Alilazwa chini akachanjwa, na kukataa kulikuwa aibu. Pili, kijiji chenyewe hakikudumu. Familia ziliposhuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge na kulinda majumba ya Dar es Salaam usiku, nyuso zilezile zilizokuwa fahari zikawa za kuchekwa mitaani. Msumbiji, harakati za ukombozi zikahimiza vijana waachane na alama za kabila ili taifa liwe moja. Mzee aliyelia kwa maumivu ili aheshimiwe akaishi kuona wajukuu wanamtazama kwa mshangao. Mistari haikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni wasomaji.

Kwenye dini sitakaa sana, maana wasomaji wengi wanajua msimamo wao. Hadithi za Mtume zimemlaani anayechora na anayechorwa, na Walawi 19:28 inakataza chale na alama mwilini. Papo hapo Wakristo wa Kikopti wa Misri huchorwa msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wengine wakiwa watoto, kama ushahidi wa imani katikati ya watu wasio wa imani yao. Pwani yetu ilitafuta njia ya tatu: hina. Bi harusi wa Lamu au Unguja anapambwa mikono na miguu, watu wanamsoma kwa siku chache kwamba ameolewa, kisha rangi inaondoka yenyewe. Nasema hina, si piko. Piko nyeusi inayokolea haraka ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na ngozi ikiikataa hutoka malengelenge yanayofuata ua lilelile lililochorwa. Wapo wanaobaki na mzio wa kemikali hiyo maisha yao yote.

Kama mtu anadhani nakuza jambo ninaposema wasomaji hawachaguliwi, akumbuke Machi 2025. Marekani iliwapeleka Wavenezuela zaidi ya 200 kwenye gereza kubwa la El Salvador ikidai ni wanachama wa genge. Mawakili na familia walieleza kwamba tatuu zilitumika kama ushahidi, zikiwemo za mataji na majina ya wazazi, vitu ambavyo watu wa kila namna huchora. Walirudishwa kwao Julai mwaka huohuo katika mpango wa kubadilishana wafungwa. Miezi minne jela, na kwa baadhi yao mwanzo wa yote ni afisa kutazama mkono na kuusoma atakavyo.

Sasa tuje kwenye kutoa tatuu, maana hapo ndipo vijana wanadanganywa zaidi. Wino hukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, umemezwa na seli za kinga. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa, wino hutoka na kumezwa na seli mpya zilizo jirani. Ndiyo maana mchoro haufi na seli zake. Leza, ule mwanga mkali wa mashine, haifuti, inapasua punje za wino ziwe ndogo kiasi cha mwili kuzibeba kupitia mitoki. Kila pigo huuma kama kuchapwa na mpira wa manati, mstari mweusi unageuka mweupe papo hapo, kisha weupe unatulia na eneo linavimba. Unarudi nyumbani na bandeji, unasubiri wiki sita hadi nane, unarudi tena. Mtu akihitaji vikao kumi, huo ni zaidi ya mwaka mzima wa maumivu na nauli, na kila kikao kinalipiwa mfukoni.

Kwa ngozi yetu kuna tatizo jingine ambalo matangazo ya mtandaoni hayalitaji. Leza hutafuta rangi, na ngozi nyeusi ina rangi yake. Mashine isiyofaa huunguza ngozi pamoja na wino, ikaacha baka jeupe lenye umbo la tatuu ileile. Kwa weusi wetu mwanga unaotumika kwa usalama zaidi ni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, nao unauweza wino mweusi. Kijani na buluu huhitaji mwanga mwingine ambao ngozi yetu haiupendi. Baadhi yetu pia tuna makovu yanayokua, keloidi. Kwa hiyo ua la rangi nne linalopendeza dukani ndilo gumu zaidi kutoka. Anayekosa pesa ya leza huishia kwa maji ya betri, pasi ya moto au krimu za kuchubua, na kovu linalobaki linasomwa vibaya kuliko mchoro wenyewe.

Pamoja na hayo yote, sikubaliani na wanaosema kila anayetoa tatuu anajuta ujinga wake. Huko Los Angeles, Homeboy Industries, shirika lililoanzishwa na padri Greg Boyle mwaka 1988, huwatolea bure alama za magenge watu waliotoka jela. Kwao kutoa si aibu, ni kuomba wasomwe upya na mwajiri, na wakati mwingine ni kutopigwa risasi barabarani. Upande wa pili, mwanamke aliyekatwa titi kwa saratani anaweza kuchorwa chuchu mahali pa kovu, na anayeisoma ni yeye peke yake mbele ya kioo. Hiyo ndiyo tatuu ninayoitetea bila kusita kuliko zote: msomaji wake anajulikana.

Basi kijana akiniuliza, simwambii asichore. Namwambia asichore kabla hajajua anataka kazi gani, achore kwa wino mweusi, mahali panapofunikwa na shati, kwa sindano iliyofunguliwa mbele ya macho yake, maana homa ya ini aina ya B na C hupita kwenye sindano iliyotumika. Jina la mpenzi aliache kabisa.

Na Jeshi la Polisi nalo lina deni. Likitaka kubaki na sharti lake, liwaambie wanafunzi shuleni kabla hawajachorwa, si kwenye tangazo la ajira baada ya miaka sita. Liandike pia wazi kama aliyetoa tatuu kwa leza na kubaki na kivuli chake anaruhusiwa kuomba, ili asitumie fedha za mwaka mzima kusafisha mkono halafu arudishwe getini kwa sababu ya kivuli hicho.