Hesabu ya masomo saba inawabebesha watoto masomo kumi

Ifikapo Novemba, wakati wa mtihani wa kidato cha nne, si ajabu hapa Tanga kumkuta mtahiniwa aliyesajiliwa katika masomo tisa au kumi, na wapo wanaovuka hapo kwa kuongeza Elimu ya Dini ya Kiislamu au Kiarabu juu ya mzigo walio nao. Wazazi wengi huliona hilo kuwa fahari, na katika mazungumzo ya barazani mtoto wa masomo kumi huhesabiwa kuwa na akili kumshinda wa masomo saba. Sikubaliani nao, ingawa siwalaumu, maana chanzo cha wingi huu ni kanuni inayotumika kupanga madaraja ya ufaulu.

Kanuni yenyewe ni hii. Alama A hupewa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Kisha Baraza la Mitihani hujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mwenye pointi 7 hadi 17 yuko daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne. Aliyefanya masomo saba peke yake akianguka katika Hisabati, pointi zake tano zinamfuata mpaka kwenye cheti. Aliyefanya kumi anaweza kuanguka katika matatu na daraja lake lisiguswe. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee ninayemwamkia kila nipitapo Ngamiani, alinijibu hivi nilipomuuliza kwa nini shule huwasajili watoto katika masomo mengi hivyo: "Mwanangu, mvuvi haendi baharini na ndoana moja." Kwa mkuu wa shule anayesubiri kuona shule yake imekuwa ya ngapi mkoani, jibu hilo linatosha kabisa. Kwa mtoto anayezivuta ndoana zote kumi, halitoshi.

Tazama ratiba. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na katika siku yenye vipindi vinane, wiki nzima ina vipindi 40. Ukivigawa kwa masomo kumi, kila somo linapata vinne, yaani chini ya saa tatu kwa wiki, na humo humo mwalimu wa Kemia anatakiwa apate vipindi viwili vya mfululizo ili jaribio la maabara likamilike kabla kengele haijalia. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza katika shule za serikali na wanafunzi wakaongezeka, mwalimu mmoja wa Hisabati anaweza kubeba mikondo mingi peke yake. Kisichoingia darasani kinahamia kwenye twisheni ya jioni, kisichoingia kwenye twisheni kinahamia kwenye kambi ya kidato cha nne, na mtoto wa mjini kwetu ambaye alasiri anatakiwa pia awe chuoni anasoma Qur'ani hana saa iliyobaki ya kufikiri alichofundishwa. Anakariri majibu ya mitihani iliyopita kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee inayowezekana katika muda alio nao. Lugha ya kufundishia ni mjadala mwingine mrefu. Hapa niseme tu kwamba masomo hayo karibu yote anayasoma kwa Kiingereza, baada ya kumaliza shule ya msingi kwa Kiswahili.

Linalonisumbua zaidi ni aina ya mwanafunzi anayependelewa na hesabu hii. Chukua msichana mwenye A tatu, tuseme Baiolojia, Kemia na Jiografia, aliyeanguka katika masomo mengine manne: pointi zake ni 23, daraja la tatu. Mwenzake mwenye C saba ana pointi 21, naye yuko daraja la pili. Ilhali sharti la msingi la kuingia kidato cha tano ni ufaulu wa C au zaidi katika masomo matatu, na huko mbele mtu husoma tahasusi ya masomo matatu.

Wala si jambo jipya. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilionya dhidi ya shule kutawaliwa na mtihani, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe katika ufaulu wake. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, yalifutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa wastani wa alama badala ya madaraja, na mwaka uliofuata madaraja yakarejeshwa. Katika mageuzi hayo ya karibuni tuligombania namna ya kupanga alama, lakini wingi wa masomo anayobeba mtoto haukuwa hoja.

Pendekezo langu ni kwamba daraja lipangwe kwa masomo matano: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, na mawili ambayo mwanafunzi amefaulu vizuri zaidi. Usajili nao uwe na kikomo cha masomo manane. Masomo mengine ya lazima yakamilishwe kidato cha pili, ambako tayari kuna upimaji wa kitaifa, na matokeo yake yaandikwe kwenye cheti bila kurudiwa. Najua nitaambiwa kwamba watoto wataikimbia Fizikia. Wengine wataikimbia, lakini wengi wao wameshaikimbia hata sasa, wamekaa tu darasani wakinakili ubaoni. Heri wachache wenye maabara na mwalimu wa kutosha.

Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, ina jambo jema la mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, na mkoa wenye bandari, mkonge, wakulima wa mwani na gati la Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, hauna haja ya kushawishiwa kuhusu ufundi. Lakini mtaala huo huo umelifanya somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuwa la lazima, pamoja na Elimu ya Biashara. Kila somo lina watetezi wake, wala sidhani kuna kiongozi aliyewahi kupigiwa makofi kwa kuliondoa moja.

Mwaka 2027 darasa la saba la mwisho litamaliza pamoja na darasa la sita la kwanza chini ya mfumo mpya wa shule ya msingi ya miaka sita, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Walimu na madarasa havitaongezeka mara mbili kwa usiku mmoja. Kanuni ya kutunuku ufaulu, kwa upande wake, inaweza kuandikwa upya bila kujenga hata chumba kimoja, na inafaa itangazwe kabla watoto hao hawajapangiwa ratiba.