Wikio la Lamu: boriti au zege?

Wikio, chumba kinachovuka kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, likionyesha ufa, Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, hugawanyika. Wenye nyumba wanataka zege na nondo, kazi iishe. Watu wa makumbusho na mafundi wakongwe wanashikilia boriti za mikoko na chokaa. Barazani wanaosikika ni wale wa kwanza. Hawa wa pili huambiwa wanatunza mandhari ya watalii. Naona wanaonewa.

Wikio ni daraja la mji usio na mto: chumba kilichopita juu ya kichochoro, kikakalia kuta za nyumba mbili. Mzazi alimjengea binti nyumba jirani, na wanawake wa pande zote wakatembeleana bila kushuka njiani. Wapo wanaoliita kifungo, na kweli nia ilikuwa wasionekane. Ila kifungo chenye mlango wa kwenda kwa mama saa yoyote ni kifungo cha ajabu.

Wenye nyumba nao wana machungu yao. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu iliguswa pia, na kaunti hii ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mafundi wa chokaa wamebaki wachache. Tena wikio lina wenyewe wawili: huku warithi wasioelewana, kule pengine mgeni aliyenunua juzi. Saruji ipo dukani.

Lakini tuulize boriti huozea wapi. Katikati, penye upepo, hukaa miaka na miaka. Huozea vichwani, pale zilipozama ukutani. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na chumvi, kisha huyatoa jua likiwaka. Upige plasta ya saruji, maji hayana pa kutokea. Yanabaki ndani, kando ya vichwa vya boriti, na hapo ndipo uzito wote wa chumba unapotua. Nje plasta inang'aa, ndani mti unageuka unga. Wikio likilegea, lawama zinaiendea boriti, na dawa inayoandikwa ni saruji zaidi.

Zege lenyewe halina amani na hewa ya bahari. Chumvi huifikia nondo, kutu huvimba, zege hupasuka na vipande huangukia njia ya punda na watoto wa madrasa. Na kwa kuwa bamba hilo ni zito juu ya ukuta laini, likienda huenda na ukuta wa jirani.

Kuna na hili la vipimo. Vyumba vya karne ya 18 havizidi sana mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti ndivyo zinavyobeba, na vichochoro vingi ni vyembamba kuliko hapo. Hakuna wikio linalodai urefu ambao mkoko hauwezi kuutoa. Zege linakuja kutatua shida ambayo haipo.

Hata hivyo, mji mkongwe, hekta 16 hivi, ulilindwa kisheria mwaka 1986 na kuingia orodha ya UNESCO 2001, na sheria inayomwambia mtu atumie boriti bila kumwonyesha zitokako ni nusu ya sheria. Kibali cha kukarabati wikio kingetolewa kwa nyumba zote mbili kwa pamoja, kikiwa na mgao wa boriti na mgawanyo wa gharama ulioandikwa kabla fundi hajapandisha ngazi.