Amino za kopo au dagaa wa mwaloni?

Kuna jamaa tunabeba naye vyuma hapa Kirumba, Mwanza, kila akimaliza seti anakoroga unga wake wa amino wa rangi ya pinki kwenye chupa, juzi mshkaji mwingine akamvaa kwamba anatupa hela bure, mwili unajitengenezea wenyewe amino asidi, yale matofali ya kujengea protini. Walibishana mpaka tukafunga geti. Mi naona kila mmoja kashika nusu.

Huyu wa "mwili unajitengenezea" yuko sahihi, ila kwa 11 tu kati ya 20. Fundi mkuu ni ini, linachukua vipande vya sukari iliyovunjwa, hata ya ugali wako wa mchana, linapachika nitrojeni iliyotolewa kwenye amino asidi nyingine, ushapata alanini, na vimeng'enya vya kuhamisha hiyo nitrojeni vinataka vitamini B6 iwepo, bila hivyo kazi haiendi. Zile 9 zilizobaki, kina laisini, lusini, triptofani, methionini na wenzao, mwili wa binadamu hauna mitambo yake kabisa, unazila au unazikosa. Halafu hata hizo za kujitengenezea zingine zina masharti: tairosini inatokana na finailalanini, ambayo imo kwenye zile 9, sasa ukikosa hiyo mama na mtoto humpati.

Ndo maana ugali peke yake hautoshi. Mahindi yana laisini na triptofani kidogo, na udaga wa muhogo ndo usiseme, protini utaitafuta kwa tochi. Maharage yana laisini nzuri ila methionini haba, kwa hiyo ugali maharage vinazibiana mapengo, na si lazima sahani moja, hata siku hiyohiyo inatosha.

Jamaa wa kopo naye tusimcheke sana. Unga unafyonzwa haraka, haunuki kwenye begi, na kuna watu samaki hawawapandi. Shida niliposoma lebo: lusini, isolusini, valini. Basi. Zote tatu ni za lazima kweli, na lusini ndo inayoushtua msuli uanze kujenga, lakini kujenga kwenyewe kunataka zote 20, sasa mafundi wameshafika saiti, matofali yako wapi? Na ukinywa nyingi ukidhani zitakaa akiba, mwili hauna ghala la amino, ini linang'oa nitrojeni ya ziada linaigeuza urea, figo zinaitoa kwenye mkojo, kinachobaki kinachomwa au kinageuka sukari na mafuta. Yaani kukojoa hela.

Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji kama gramu 56 za protini kwa siku, anayebeba vyuma zaidi ya hapo. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na zile 9 zote zimo. Ila nao wana kasoro yao, bei inapanda wenye chakula cha kuku wakiingia sokoni, maana kuku naye anazitaka hizohizo.

Mimi hela ya lile kopo napeleka mwaloni, soko la samaki, nabeba dagaa wa kichanja. Wale wa kuanikwa chini mchangani uoshe maji matatu, vinginevyo utatafuna ufukwe wote wa Igombe.